Fundi Aliyetembea Mipaka Ijumaa Adhuhuri

Mwenye kuwajibika ni Fundi. Si Serikali, si ile familia ya kale iliyouza ardhi, wala si yule kijana wa tingatinga aliyetumwa kufyeka vichaka. Nyumba ya Hawe Kadzo pale Takaungu ikivunjwa, itakuwa imevunjwa na mtu mmoja, kwa akili zake timamu na kwa elimu yake yote, na mtu huyo ni Fundi. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu nimetumikia ofisi ya usajili wa ardhi muda wa kutosha kujua kwamba lawama isiyotajwa katika ukurasa wa kwanza huwa haipatikani katika ukurasa wa mwisho. Mimi nami nina sehemu yangu. Nitaitaja mahali pake, wala sitaipunguza.

Jina lake silitaji. Tulipomjua alikuwa na timazi mkononi, tukamwita Fundi, na Fundi amebaki hata sasa ambapo ubao mlangoni pake unasema yeye ni mstawishaji wa makazi, yaani mwenye kununua ardhi na kujenga nyumba za kuuza. Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo hayamo katika shauri hili.

Nianze na ulimi wake. Fundi alikuwa akionja mchanga. Lori la mchanga likifika kutoka mto Sabaki, wenziwe waliutazama rangi au wakausugua kwa vidole. Yeye alichota kidogo, akautia ulimini, akafumba macho kama mpishi anayepima chumvi ya pilau, kisha akatema.

"Huu umechotwa huko chini mto unapokutana na bahari," alimwambia dereva mmoja mbele yangu. "Urudishe."

"Wallahi Fundi, nimeuchukua juu kabisa, kupita daraja."

"Yakhe, daraja limehamia baharini lini? Mimi nimefanya kazi Marereni kwenye chumvi. Usinifundishe ladha yake. Urudishe."

Dereva akaurudisha. Fundi alijua kwamba chumvi hula chuma ndani ya zege polepole, na kwamba nyumba ya namna hiyo hupasuka wakati aliyeijenga amekwisha kusahaulika na aliyeinunua hana wa kumuuliza. Hakuna mkaguzi aliyemlazimisha kuonja. Alionja kwa sababu aliona haya kujenga kitu kitakachomdanganya mtu asiyemjua. Nataka hili liandikwe, kwa sababu mimi siandiki habari za mjinga, wala za mtu aliyekosa malezi ya kazi. Natamani angekuwa mjinga.

Elimu yake aliipata kipande kwa kipande. Aliujua uashi kwa mikono kabla hajaujua kwa vitabu. Alipokwisha kujua kusimamisha ukuta, akaenda chuo cha ufundi Mombasa kusomea ujenzi, akiwa tayari mtu mzima mwenye mke, akakaa dawati moja na vijana waliomwita baba. Huko alijifunza kuchora, kukadiria vifaa, na kukokotoa uzito ambao boriti yaweza kuubeba. Aliporudi, akaona kwamba wenye kujenga hawakuwa wenye kuamua. Waliokuwa wakiamua ni wale waliojua ardhi ni ya nani, yaruhusiwa kujengwa nini, na benki huuliza maswali gani. Basi akaja kwenye kaunta yangu.

Alikuja kila Jumanne. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama kwenye foleni kama watu wengine, hata nilipomwashiria apite mbele. Aliomba jalada ambalo mwananchi anaruhusiwa kulisoma, akalisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akaniuliza. Zuio huwekwa na nani na huondolewa vipi? Haki ya njia hufa iwapo njia haikutumiwa? Kwa nini hati mbili za viwanja jirani zinatofautiana katika vipimo? Nilimjibu kila swali. Yako mambo ambayo mawakili wa mjini hawakuyajua, naye akayajua kwa sababu nilimfundisha mimi, bila malipo na kwa furaha. Nilimwambia mke wangu, "Leo nimepata mwanafunzi." Neno hilo sasa linanichoma.

Kisha naye akawa mwalimu. Kila Jumamosi asubuhi alikodi ukumbi mdogo Kilifi, vijana wakaja hata kutoka Malindi kujifunza namna ya kuwa wastawishaji. Nilihudhuria mara nyingi, nikikaa nyuma. Kijana mmoja mwenye viatu vyeupe kama maziwa alisimama akauliza, "Fundi, mimi nisomee nini hasa? Uchumi, au uhandisi?"

"Umewahi kuchimba choo?"

Ukumbi ukacheka. Kijana akatazama viatu vyake.

"Sikutanii, mwanangu. Nenda kachimbe choo kimoja, mpaka chini. Utaujua udongo, utajua maji yako kina gani, utajua wachimbaji hula nini saa nne na hugombania nini. Baada ya hapo soma uchumi, soma uhandisi, soma sheria ya ardhi, vyote utavihitaji. Lakini wewe wataka kuuza nyumba ya ghorofa na hujui kinyesi chake kitakwenda wapi."

Aliwatuma wakae kutwa nzima katika kiwanja wakati wa masika, bila mwavuli, waone maji yapitapo. Aliwakataza kwenda kuona ardhi kwa gari, akisema kwamba wakazi huliona gari kwanza, na mwenye gari hasikii wanalolisema. Aliwafundisha kusoma ramani kwa kuwageuzia karatasi juu chini na kuwauliza kaskazini ni wapi. Siku moja msichana mmoja hodari, aliyekuwa akieleza mradi wake wa mfano, alisema kwamba kiwanja chake kilikuwa safi isipokuwa maskwota wachache.

Fundi akamnyamazisha kwa kiganja. "Wana nyumba?"

"Ndiyo, wana vijumba."

"Basi ni wenye nyumba. Ukimwita mtu skwota, umeshamfukuza, imebaki kuvunja tu. Katika darasa langu neno hilo silitaki."

Mimi, huko nyuma, nilipiga makofi peke yangu.

Lakini somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la matembezi, na hapa sina budi kumweleza msomaji asiye wa kwetu. Katika pwani hii ardhi yaweza kuwa na mwenyewe mmoja, na kilicho juu yake kikawa na mwenyewe mwingine. Mtu hujenga nyumba yake katika shamba la familia fulani kwa ridhaa yao. Ardhi ni yao, nyumba ni yake. Minazi ni hivyo hivyo: aliyeipanda ndiye mwenyewe, na huwarithisha wanawe, hata kama mchanga iliposimama una hati ya mtu mwingine. Hati miliki haisemi neno juu ya mambo haya. Kwa hiyo ardhi inapouzwa, watu huitembea mipaka. Muuzaji, mnunuzi, mpimaji na mashahidi huzunguka shamba lote kwa miguu, na kila mwenye nyumba husimama mlangoni pake, na kila mwenye mnazi husimama chini ya mnazi wake. Huulizwa, "Huu wa nani?" Naye hujibu kwa jina lake, na karani huandika. Orodha hiyo hutiwa katika jalada la mauzo. Asiyesimama siku hiyo huhesabiwa kwamba hana dai.

"Hapo ndipo elimu yenu yote hupimwa," Fundi aliwaambia vijana. "Mkitembea vibaya, hata zege likiwa zuri namna gani, mmejenga ubaya."

Nilimwamini. Kila mtu alimwamini, nao walikuwa na sababu. Alipojenga zile nyumba za kwanza karibu na hori ya Kilifi, aliisogeza nyumba nzima katika mchoro ili kisima cha jirani kibaki kwa jirani. Alipojua kwamba mafundi wake hula wakiwa wamesimama juani, aliwajengea banda la makuti kabla hajachimba msingi. Na mtu huyu huyu alikuwa mgumu kama mwamba ukimkosoa. Hakuwahi kusema "nimekosea". Alikuwa akisema "tumejifunza", na "tu" hiyo ilikuwa imebeba watu wengi wasiokuwamo. Alipenda kusifiwa uaminifu wake, naye alizisikiliza sifa hizo akiwa ameinamisha kichwa, lakini hakuwahi kumkatiza msemaji. Hayo niliyaona, nikayaita udhaifu mdogo. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kuona dosari ndogo katika karatasi na kukataa kuziita ndogo.

Sasa nifike kwenye shamba la Takaungu.

Familia yenye ardhi ile haikai tena huku. Waliamua kuuza, Fundi akanunua, na mauzo yenyewe sina neno nayo. Katika shamba hilo zimo nyumba tatu. Mbili wenyewe walikwisha kuhama kwa ridhaa yao. Ya tatu ni ya Hawe Kadzo, bibi wa Kigiriama, ambako bibi huitwa hawe, mwenye umri wa kuwa mama yangu, mjane wa mgema, anayeishi kwa kushona makuti ya kuezekea. Ana minazi kumi na saba. Baadhi aliikuta imepandwa na mama mkwe wake, na mingine aliipanda mwenyewe, mmoja kwa kila mtoto na kila mjukuu aliyejaliwa. Mnazi wa Karisa, mwanawe anayefanya kazi katika mashamba ya chumvi Marereni, ndio mrefu kuliko yote aliyoipanda, nao umesimama hatua chache kutoka mlangoni.

Matembezi ya shamba hilo yalifanywa Ijumaa, saa sita na nusu mchana.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, lakini nitaeleza kwa ajili ya jalada. Ijumaa saa sita na nusu wanaume wa Takaungu karibu wote tuko msikitini kwa swala ya Ijumaa. Na Ijumaa hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, lori la makuti husimama njia panda kwenye barabara kuu, na wanawake wote wanaoshona makuti, Hawe Kadzo akiwemo, huwa wamekwenda huko na mizigo yao, maana lori halingoji. Nani asiyejua? Fundi alijua kuliko sisi, kwa kuwa makuti ya mabanda yake yote hununuliwa katika lori hilo. Aliwajua wanawake wale kwa majina. Akaichagua saa moja ndani ya juma zima ambayo shamba lile halina mtu wa kusimama chini ya chochote.

Nami nilimwona hayupo. Mahali pake ni safu ya kwanza, upande wa kulia, na siku ile palikuwa tupu. Nikadhani ameshikwa na homa. Baada ya swala nilimpitia nyumbani na chupa ya uji.

"Mgonjwa? Hata," mkewe alinijibu, akiniita kwa jina la kazi yangu ya zamani kama waniitavyo wote. "Mzee Karani, katoka na mpimaji. Kazi hizi zitamuua."

Nikacheka. Nikauacha uji.

Jumatatu yake alikuja barazani kwangu na karatasi. Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa tangu nilipostaafu, na taarifa ya matembezi huhitaji saini ya shahidi mkazi. "Karani, nitilie mkono hapa," alisema. "Ni ile ya shamba. Haikuwa na pingamizi." Miwani yangu ilikuwa ndani ya nyumba. Enzi zangu ofisini niliwahi kuwarudisha watu wazima na heshima zao kwa sababu tarehe yao haikusomeka vizuri. Hii niliitia saini bila miwani, nikamkaribisha kahawa. Taarifa inasema kwamba nilikuwapo na kwamba hakuna aliyesimama kudai nyumba wala mti. Ni uongo, na saini iliyo chini yake ni yangu. Hiyo ndiyo sehemu yangu.

Niliyajua haya yote siku Hawe Kadzo aliponiletea ilani, ikiwa bado na vumbi la mlango wake.

"Nisomee, Karani. Wamenigandishia mlangoni."

Nikasoma kimya, kisha nikasoma tena.

"Wasema nini?"

"Wanasema uhame kabla ya mwisho wa mwezi ujao, Hawe."

"Nani ahame? Wameniandika jina?"

"Jina hawakuliandika. Wameandika 'wavamizi wote'."

Alikaa kitako kwenye ngazi ya baraza. Nilitegemea kilio, lakini hakulia.

"Mvamizi hupanda mnazi, Karani? Mnazi wautia mwaka huu, wala haukupi nazi mpaka mtoto aende shule. Mimi nilivamia, kisha nikakaa nikangoja?"

Chini ya ilani palikuwa na saini ya Fundi, ile ile niliyoizoea kwenye fomu za kuombea majalada, yenye mkia mrefu uliopigwa mstari mara mbili.

Wiki iliyopita nilikwenda na Hawe Kadzo kwenye ofisi ya mauzo ya Fundi. Ni kontena lililopakwa rangi nyeupe, limewekwa pembezoni mwa shamba, lina kiyoyozi na viti laini. Msichana wa mapokezi akainuka kwa tabasamu.

"Karibuni wateja!"

"Sisi si wateja, mwanangu," Hawe Kadzo alimwambia. "Sisi ni wavamizi. Wateja wako nyuma, waja."

Katikati ya chumba palikuwa na meza, na juu ya meza mtaa mzima wa mfano: nyumba ishirini na nne nyeupe, vijia, vigari vidogo vya rangi, na minazi ya plastiki. Hawe Kadzo aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole.

"Huu wa Karisa."

"Samahani, bibi?" msichana akauliza.

"Huu mnazi ni wa Karisa. Na hii mitatu ni ya mama mkwe. Mmeipanga sawasawa, hamkukosea hata mmoja." Akahesabu yote kumi na saba. "Na hapa palikuwa na nyumba yangu. Mmeipeleka wapi?"

Msichana, maskini, alijibu kama alivyofunzwa. "Hapo patakuwa na bwawa la kuogelea. Minazi tunaihifadhi. Wanunuzi wanaipenda sana."

Hapo ndipo Fundi aliingia. Alipomwona bibi aliinamisha kichwa, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, Fundi. Paa lako lavuja?"

Nieleze: mtu huyu aliyeezeka mamia ya vyumba kwa vigae, nyumbani kwake hulala chini ya makuti, na makuti hayo yameshonwa na mikono ya Hawe Kadzo.

"Halivuji," alisema.

"Halivuji. Nililishona nikijua ni lako."

Mimi ndiye niliyeuliza, na sauti yangu haikuwa ya ofisini. "Kwa nini Ijumaa, Fundi?"

"Tangazo lilibandikwa siku zinazotakiwa, Karani."

"Lilibandikwa wapi?"

"Mlangoni mwa ofisi, kama sheria inavyotaka."

"Sijakuuliza sheria. Sheria nilikufundisha mimi. Nimekuuliza siku."

Akatazama bwawa la plastiki lililopakwa buluu. "Wanunuzi wameshalipia. Benki imeshatoa awamu ya kwanza. Ningeanza majadiliano ya mti mmoja mmoja, mradi ungekufa kabla ya msingi. Watu mia wana kazi hapa. Nimejifunza kazi hii miaka thelathini, Karani, na kitu cha mwisho unachojifunza ni kwamba huwezi kumngoja kila mtu." Kisha akanitazama, kwa upole, na upole ule ndio uliovunja kitu ndani yangu. "Na wewe mwenyewe uliniambia kwenye kaunta: kisichokuwamo kwenye jalada hakipo."

Ni kweli nilisema. Niliwaambia maelfu ya watu hivyo, na niliona fahari. Nilikuwa na maana kwamba mtu aharakishe kuandikisha haki yake ili isipotee. Sikujua kwamba mwanafunzi wangu bora alisikia kwamba mtu aharakishe kulifunga jalada kabla mwenye haki hajarudi kutoka njia panda.

"Umejifunza kila kitu," nikamwambia. "Hakuna ulichokosa kujifunza. Ndiyo sababu sitakusamehe."

Hawe Kadzo alikuwa amekwisha kutoka. Nilimkuta nje ya uzio, akiokota makuti makavu yaliyoanguka usiku, kwa sababu, alisema, bado ni yake.

Leo nimemwandikia msajili wa ardhi, kwa mkono wangu na nikiwa nimevaa miwani, kuitangua saini yangu katika taarifa ile na kukiri kwamba sikuwapo. Nakala nimempa chifu, nyingine imamu, na nyingine mchungaji wa kanisa analosali Hawe Kadzo. Nakala ya nne ni hii unayoisoma.

Namtaka Fundi, kwa heshima zote inazostahili elimu yake, aliondoe tingatinga lake shambani na kuibatilisha ilani yake. Namtaka aitishe matembezi upya, siku isiyo Ijumaa, saa ambayo Karisa ataweza kufika kutoka Marereni, kwa tangazo litakalosomwa msikitini na kanisani. Namtaka alete na wanafunzi wake wote wa Jumamosi washuhudie. Siku hiyo aanze yeye kabla ya mpimaji: asimame mbele ya mlango wa Hawe Kadzo, amwite kwa jina lake na si kwa neno lile la ilani, na aeleze kwa kinywa chake, huku karani akiandika, ni kwa sababu gani, kati ya saa zote za juma, aliichagua saa ile. Jibu hilo nalitaka kwenye jalada.